MVUA HAINA KOSA, KOSA NI LETU



Mvua ni baraka. Hakuna mkulima wa Isongole atakayebisha neno hilo, maana viazi vyake, mahindi yake, maparachichi yake na majani ya ng'ombe wake wa maziwa vyote huishi kwa mvua. Tangu Novemba hadi Mei mawingu hukaa juu ya Mlima Rungwe na safu ya Uporoto kama watu waliohamia. Tukuyu, mji wetu wa wilaya, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya mvua ya Dar es Salaam. Nchi ngapi duniani zinaililia mvua ya namna hii? Sisi tunayo. Na bado, ifikapo Aprili, baraka hii hii hugeuka kuwa msiba, nasi hulia kana kwamba tumevamiwa usiku na adui tusiyemjua.

Leo twataka kusema kweli, hata kama kweli hiyo itawachoma wengine. Mvua si adui, wala haikuja kwa siri. Imekuja kila mwaka tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa. Mgeni anayekuja kila mwaka, mwezi ule ule, kwa njia ile ile, akimkuta mwenye nyumba hana hata kigoda cha kumkalisha, je, aibu ni ya mgeni au ni ya mwenye nyumba?

MAJI HAYAJUI MIPAKA

Wapo kati yetu wasemao, "Mafuriko ni shida ya watu wa Kyela, walio pwani ya ziwa. Sisi tuko juu, maji yatatupita tu." Maneno haya ni ya mtu anayetoboa paa la jirani halafu akamwuliza kwa nini analala kwenye maji.

Tuitazame nchi yetu ilivyo. Mlima Rungwe una urefu wa mita 2,960 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Maana yake ni kwamba maji yanayotoka juu kabisa ya mlima wetu huporomoka zaidi ya mita 2,400 kabla ya kufika ziwani, tena kwa safari fupi ambayo basi huimaliza kwa saa chache tu. Kiwira, Mbaka na Lufilyo ni mito ya milima hii, na yote huishia katika tambarare ya Kyela. Maji yaliyoteremka kwa hasira namna hiyo yakifika mahali palipo sawa kama meza, yatakwenda wapi? Yatatawanyika. Yataingia katika mashamba ya mpunga, chini ya mikakao, na ndani ya nyumba za ndugu zetu.

Na tena hayateremki peke yake. Mkulima wa mlimani akilima viazi kwa matuta yanayofuata mteremko kutoka juu kwenda chini, kila mfereji kati ya matuta mawili huwa ni mto mdogo. Mvua moja kubwa ikipiga, udongo huondoka. Mto ukafika chini una rangi ya chai ya maziwa. Udongo ule ukituama huinua sakafu ya mto, na mwaka unaofuata maji hayana nafasi tena ya kupita, hivyo hutoka nje. Mtu wa Kyela husema mto umekasirika. Mto haukukasirika, mto umejazwa.

Lakini sikilizeni, ndugu wa Isongole. Udongo ule ni wa nani? Ni wetu. Ndani yake imo samadi tuliyoibeba kichwani, na imo mbolea ya dukani tuliyoinunua kwa fedha ya viazi vya mwaka uliopita. Sisi hupeleka mbolea yetu kwa Ziwa Nyasa bila malipo, kisha mwaka unaofuata twaenda dukani kununua nyingine, na twalalamika kuwa shamba limechoka. Basi asiyewaonea huruma watu wa Kyela na ajionee huruma yeye mwenyewe. Hasara ni moja, nayo hupigwa mara mbili, huku juu na kule chini.

Wala asijidanganye mtu kwamba mlima ni ngao. Tarehe 3 Desemba 2023, matope yaliteremka kutoka Mlima Hanang' yakaifikia Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Aprili 2024, hapa hapa jirani, Mlima Kawetele uliporomoka katika kata ya Itezi, jijini Mbeya, udongo ukafunika nyumba za watu na shule. Kutoka Isongole hadi Itezi si safari. Nani basi atasema kuwa maafa ya mvua ni ya watu wa pwani peke yao?

BLANKETI HALIZUII MAJI

Sasa tuyatazame mambo yaendavyo kila mwaka. Kuanzia Juni hadi Oktoba jua huwaka, mitaro imejaa takataka, kalvati zimezibwa na mchanga, na hakuna anayezitazama. Ardhi ya ukingo wa mto hukatwa viwanja vikauzwa, na watu hulipa. Novemba mvua huanza, na watu husema, "Bado ni ndogo." Aprili maji huingia ndani. Ndipo magari hufika. Bwana Mkubwa hushuka amevaa viatu vya mpira, hupigwa picha akiwa amemshika mkono mama mmoja mzee, hugawa mablanketi, sabuni na unga, huahidi, huondoka. Juni jua huwaka tena.

Hatusemi msaada ni mbaya. Mtu aliyelala kwenye maji anahitaji blanketi, na anayempa afanya jambo jema. Twasema kwamba blanketi halizuii maji. Kiongozi anayeonekana Aprili na haonekani Agosti hajafanya kazi yake. Agosti ndiyo kazi. Gharama ya kuzibua kalvati ni majembe, makoleo na siku mbili za vijana. Gharama ya kalvati isiyozibuliwa ni barabara kukatika, na barabara hii ya kutoka Uyole kupita Isongole na Tukuyu hadi Kasumulu ndiyo njia ya viazi vyetu, ndizi zetu na chai yetu. Lori likikwama siku tatu, viazi huoza, na hasara hailipwi na mtu yeyote.

Tusidhani vilevile kwamba wenzetu wa mijini wana akili kuliko sisi. Desemba 2011 mafuriko yaliwaua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na waliokuwa wakiishi mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Bonde la Msimbazi lilijulikana tangu zamani kuwa ni njia ya maji. Hata hivyo palepale Jangwani, baada ya msiba huo, kikajengwa kituo kikubwa cha mabasi ya mwendo kasi, na maji yakaja kukitembelea mara kwa mara. Tazameni: hata mwenye elimu kubwa na ramani mkononi, akimdharau mto, mto humwonyesha njia yake.

Katika mvua za 2023 na 2024, Waziri Mkuu aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili 2024 kuwa watu 155 walikuwa wamekufa na watu wapatao 200,000 walikuwa wameguswa na maafa hayo. Hao ni watu 155 walioamka asubuhi kama sisi, wakafunga milango yao kama sisi. Mtu akija kutuambia kuwa yote ni mapenzi ya Mungu na hakuna la kufanya, tutamjibu kwa heshima: Mungu alileta mvua, lakini hakuziba mtaro kwa taka, wala hakuuza kiwanja mtoni.

HEKIMA IMO NDANI YETU

Watauliza wengine, "Tutaweza wapi? Sisi wakulima wadogo, hatuna wataalamu, hatuna mitambo." Hayo ni maneno ya kitumwa, tuliyofundishwa na watu waliotaka tuamini kuwa Mwafrika hajui kitu mpaka aelekezwe.

Nendeni ng'ambo ya mashariki ya ziwa hili hili, katika milima ya Mbinga. Wamatengo hulima ngoro. Hulaza majani yaliyofyekwa kwa mistari inayokatana, huyafunika kwa udongo, na katikati huacha shimo. Mvua ikinyesha mlimani, kila shimo hushika maji yake na udongo wake, na mteremko mkali huzaa mazao badala ya kuporomoka. Kazi hii waliijua kabla ya mkoloni kuja, wala hakuna Mzungu aliyewafundisha.

Nendeni pwani ya bahari, Rufiji. Wazee wa bonde lile hawakuyakimbia mafuriko, bali waliyahesabu. Waliyasubiri maji yapungue, wakapanda katika tope lenye rutuba, na zao lile wakaliita mlau. Walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti. Walijua maji yatakuja, wakajiweka tayari, na yale ambayo kwa mwingine yangekuwa maangamizi, kwao yakawa chakula. Hata hapa kwetu, wazee wa Kinyakyusa waliiacha misitu ya matambiko bila kuiguswa na shoka. Tuwe waumini wa dini gani leo, sote twaona kuwa mahali mti uliposimama, chemchemi ilibaki na udongo ulitulia.

Hapa pana jambo la historia ambalo kila mwanachama apaswa kulijua. Mwaka 1955 Waluguru waliasi amri ya serikali ya mkoloni ya kulazimishwa kuchonga matuta ya ngazi milimani. Ghasia zilitokea, na mtu aliuawa. Walikuwa na haki ya kukataa. Walilazimishwa kama watumwa, hawakuulizwa, na matuta yale mara nyingi yaliufukia udongo mzuri na kuacha juu udongo usiozaa. Lakini tuelewane: Waluguru hawakukataa kuutunza udongo wao. Walikataa ubwana. Leo hakuna bwana shamba wa Kizungu mwenye fimbo. Tukiuacha udongo wetu uende ziwani, hatumkomoi mkoloni. Twajikomoa sisi. Mtu huru ni yule afanyaye kwa hiari yake kazi ambayo mtumwa huifanya kwa kuchapwa.

SHERIA ZIPO, KAZI IKO WAPI?

Serikali nayo isijifiche nyuma ya maneno yetu haya. Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ni sheria nzuri. Lakini mara ngapi hukumbukwa siku ya kumfukuza mama mwenye tuta moja la mboga, na husahauliwa siku mwenye fedha anapojenga? Sheria yenye macho mawili si sheria.

Mama yule wa tuta la mboga twamtetea, lakini hatumdanganyi. Analima ukingoni kwa sababu shamba la mlimani aliloachiwa limegawanywa mara nyingi hata limekuwa kama mkeka. Ukimwambia aondoke bila kumwonyesha pa kwenda, umemwambia afe kwa njaa badala ya kufa kwa maji. Basi aondoke ukingoni, ndiyo, maana ukingo ule ukilimwa utamla yeye na jirani zake. Lakini kijiji kimpe nafasi mahali pengine, au kimwachie apande ukingoni matete, mianzi na majani ya ng'ombe ambayo atayakata na kuyauza bila kugusa udongo kwa jembe. Hapo mto utapata ukuta, na mama atapata fedha ya chumvi. Haki na hifadhi vyaweza kulala nyumba moja.

Tena, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Twauliza, na kila msomaji aulize kijijini kwake: wajumbe wa kamati yetu ni nani? Walikutana lini? Waliandika nini? Jembe la kamati liko wapi? Kama jibu ni kimya, basi kamati hiyo ni jina ukutani tu. Na ushuru unaokatwa katika gunia la viazi la Isongole na katika kakao ya Kyela, sehemu gani hurudi kuchimba mtaro kabla ya mvua? Mwananchi anayelipa ana haki ya kuuliza hesabu, na diwani asiyetaka kuulizwa asigombee tena.

KAZI YA KIANGAZI

Twasema basi, kazi ianze kiangazi, na ianze kwa nyumba kumi.

Kwa watu wa juu, Isongole na vijiji vyote vya mlimani: matuta yalimwe kwa kukingama mteremko, si kwa kuufuata. Kila baada ya hatua kadhaa uachwe mstari wa majani ya kudumu. Miti ya asili ipandwe penye chemchemi, na mikaratusi ikae mbali na maji. Kila kaya isafishe mtaro uliopita mbele ya mlango wake, na kijiji kizima kwa msaragambo kizibue kalvati zote kabla ya Novemba. Nyumba iliyo chini ya genge itazamwe: ukiona ufa mpya ardhini, au miti iliyoanza kuinama, usingoje.

Kwa ndugu zetu wa chini, wa Kyela na pwani ya ziwa: misingi ya nyumba iinuliwe, na ghala la mpunga liinuliwe zaidi ya nyumba. Choo kisichimbwe karibu na kisima, maana mafuriko yakipita kipindupindu hufuata nyayo zake. Kila kitongoji kichague tangu sasa mahali pa juu pa kukimbilia, shule au kanisa au msikiti, na watu wote hata watoto wajue njia ya kufika huko usiku. Yaandikwe majina ya wazee, wagonjwa, vilema na wajawazito, na kando ya kila jina liandikwe jina la kijana atakayembeba. Mitumbwi ihesabiwe, na wenye nayo wajulikane. Vyeti, hati na mbegu vifungwe katika mfuko wa plastiki na kuwekwa juu.

Kwa sote: tusikilize. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Neno hilo lisiishie katika redio ya mtu mmoja. Balozi alipokee, kengele ipigwe, kipaza sauti kiseme, ngoma ilie. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, onyo lilitangazwa mapema na vyombo vya kuvuka kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa. Barabara ya Lindi ilikatika Somanga, ni kweli, lakini abiria waliobaki nchi kavu walibaki hai. Onyo lililosikiwa ni maisha. Na mtoto wa shule asivushwe mto uliojaa, hata kama kuna mtihani. Mtihani hurudiwa.

Mwisho, watu wa juu na watu wa chini wakutane. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa iko Tukuyu, katikati yetu. Iwakutanishe wenyeviti wa vijiji vya Isongole na wenyeviti wa vijiji vya Kyela, mara moja kila kiangazi, wakae benchi moja. Mtu wa juu aulizwe, "Mwaka huu umeufanyia nini udongo wako?" Mtu wa chini aulizwe, "Umeacha njia ya maji?" Na akinyesha mvua kubwa huku, mwenye simu Isongole ampigie mwenye simu Kyela, amwambie, "Ndugu, yanakuja." Maji huhitaji muda kuteremka. Neno hufika mara moja. Katika muda huo mfupi mtoto aweza kuamshwa na bibi kubebwa.

Ndugu wanachama, mkutano ujao wa tawi lenu msiuanze kwa nyimbo wala kwa sifa za wakubwa. Uanzeni kwa swali moja: mtaro wetu uko wazi? Kama hauko wazi, ahirisheni mkutano, chukueni makoleo, mkutane mtaroni. Huko ndiko tutakakojua nani ni mwanachama na nani ni mbeba kadi.

Mvua itakuja. Haitutishi, wala haitubembelezi. Itukute tumesimama na jembe mkononi, isitukute tumekaa na bakuli.

MTARO KABLA YA BLANKETI!